Napoli: Macho Mbele, Mkoba Ukutani

Napoli, mji mkubwa wa kusini mwa Italia, una sifa mbili: uzuri na wezi. Msomaji mpenzi, tulizunguka siku tatu tukaona kuwa sifa ya pili isikuzuie kuiona ya kwanza.

Tulipita Spaccanapoli, njia nyembamba inayokata mji wa kale, nguo zimeanikwa juu ya vichwa vyetu. Katika kanisa dogo la Sansevero tulisimama kimya mbele ya Kristo aliyelazwa, sanamu ya Giuseppe Sanmartino ya mwaka 1753. Shela lililomfunika ni marumaru, lakini ungedhani ni kitambaa. Kesho yake treni ya Circumvesuviana ilitufikisha Pompei, mji uliofukiwa na mlima Vesuvio mwaka 79 baada ya Kristo.

Na usalama? Vijana wa pikipiki hunyakua mikoba. Basi ushike wako upande wa ukuta. Ndani ya treni, uweke kifuani. Pesa nyingi zifunge ndani ya nguo, kama bibi zetu walivyozifunga kwenye pindo la khanga. Watoto washikwe mkono.

Ukivutwa mkoba, uachie, kisha piga simu 112. Mkoba hununuliwa, uhai haununuliwi.