Usiku Ule Nani Alimjibu Shemeji?

Mapacha hawa wa Mwese, Katavi, majina yao halisi yabaki kwao. Kulwa na Doto yanatosha, pacha ni pacha. Majirani wamewazoea hivi: Kulwa akianza sentensi, Doto anaimalizia. Mama yao akiita mmoja, wanaitika wawili.

Simu nayo ilikuwa moja. Mchana inakaa na Doto kwenye kibanda cha vocha, Kulwa akiwa shambani kwenye maharage, jioni inarudi kwa Kulwa. Laini moja, WhatsApp moja, namba ya siri wanaijua wote.

Kwenye simu hiyo kulikuwa na memori kadi waliyojaziwa muvi na jamaa mmoja wa Mpanda mjini, na tamthilia waliyoirudia mpaka wakaikariri ni Sense8, ile ya Netflix ya 2015. Kwa ambaye hajaiona: watu wanane, kila mmoja na mji wake, Nairobi, Seoul, Mumbai, London, Berlin, Mexico City, Chicago na San Francisco, ghafla akili zao zinaungana. Anachojua mmoja, mwingine anaweza kukitumia. Wa Nairobi ni Capheus, dereva wa matatu na shabiki wa kufa wa Van Damme. Wahuni wanampora dawa za mama yake mwenye Ukimwi, anawafuata, wanaanza kumtandika. Hapo Sun, dada wa Seoul anayejua kupigana kwelikweli, anaingia mwilini mwake. Wahuni wanalamba vumbi mmoja mmoja.

Doto hapo alikuwa anashangilia kila mara. Kulwa alikuwa anasubiri kinachofuata: sifa zinamfikia bosi mmoja wa mtaani, naye anamtaka Capheus amfanyie kazi. Jamaa anapewa kazi kwa ngumi ambazo si zake.

"Sasa siku bosi akitaka apigane, na Sun kalala?" Kulwa aliuliza.

Doto akamwambia asiharibu muvi.

Wazee wa huku hadithi kama hiyo haiwashtui. Wabende wana Katabi, mzimu wa mwindaji unaosemwa kukaa kwenye mkwaju kando ya Ziwa Katavi, na Hifadhi ya Taifa ya Katavi imepata jina lake hapo. Watu huweka sadaka chini ya mti. Ila mzimu angalau unaufuata mtini kwake, unapiga hodi. Kwenye hizi hadithi za akili kuungana hodi haipo. Hata Binti, kitabu cha Nnedi Okorafor (jina Kiswahili kabisa, ingawa msichana mwenyewe ni Mhimba): anachomwa na kiumbe cha Meduse, nywele zake zinageuka viungo vinavyojongea vyenyewe, baadaye anaanza kupambana na hasira asizojua kama ni zake. Hakuulizwa.

Basi, Kulwa alikuwa na mchumba, fundi ujenzi wa Tabora. Mchana akituma meseji, Doto anajibu kwa niaba. Mwanzoni utani, "subiri kidogo niko bize". Baadaye mpaka ujumbe wa sauti, maana sauti ni ileile.

Kuna usiku Kulwa alikuwa hoi kwa malaria. Shemeji akaandika kwamba amefiwa na baba. Doto hakumwamsha dada yake. Alichati naye mpaka jogoo la kwanza. Asubuhi akasema tu, "Shemeji kafiwa, nimempa pole." Meseji zenyewe alishazifuta.

Miezi mitatu ikapita, barua ya posa ikaletwa. Mchumba mwenyewe alikuja na wazee wake, akamvuta Kulwa pembeni. "Usiku ule uliponisimulia habari ya viatu vya baba yako, ndipo nikasema huyu ndiye mke."

Kulwa akatabasamu. Viatu gani? Hakujua.

Usiku ndiyo yakatoka. "Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia kama ungekuwa wewe."

"Viatu gani, Doto?"

Doto akageukia ukutani. Baada ya muda mrefu akasema. Walikuwa darasa la nne baba yao alipofariki. Siku ya mazishi Doto alivificha viatu vya baba kwenye ghala la mahindi, ili akirudi kuvitafuta aanzie kwake. Miaka 12 wamelala kitanda kimoja, na Kulwa hajawahi kulisikia hilo.

Majirani wanasema ni wivu wa mapenzi. Wivu ulikuwepo, usidanganyike. Lakini kilichomliza Kulwa ni kwamba kitu hicho kilikuwa kichwani kwa Doto siku zote, na wa kwanza kupewa ni mwanaume wa Tabora, tena kwa jina lake yeye.

"Ningekuambia ungeniona mjinga," Doto alisema.

"Na huyo bwana sasa anamuoa nani?"

Doto hakujibu. Barua bado iko kabatini, wazee wanaulizia majibu.

Kulwa alibadilisha namba ya siri ya simu wiki ileile, hakumwambia mtu. Usiku mmoja akiwa amelala, Doto aliichukua simu, akaishika gizani, akajaribu namba moja tu. Ikafunguka. Akaizima kioo bila kusoma chochote, akairudisha chini ya mto wa dada yake.