Tuvae Nini Harusini kwa Jirani?

Kadi ya harusi ya binti wa jirani yetu Mhindu, hapa Dar es Salaam, ilipotufikia sisi kina mama wanne wa jumuiya, swali halikuwa kwenda au kutokwenda. Swali lilikuwa nguo. Nyekundu tuliiacha, ndiyo rangi ya bibi harusi. Nyeupe tupu kwa Wahindu ni ya msiba, na nyeusi wengi wao huiona nuksi. (Hapo nusu ya makabati yetu ikawa imekwisha!)

Ikabaki sari, kitambaa cha yadi 6 hivi, pamoja na blauzi na gagulo lake. Mmoja wetu akauliza kama Mkristo anaruhusiwa. Mbona huko Kerala, India, maharusi wengi wa Kikristo hufunga ndoa kanisani na sari nyeupe? Sari ni nguo, si sala. Alama ya kwenye paji la uso ndiyo tuliyokubaliana kuiacha.

Ila bei sasa! Sari mpya ilikuwa sawa na ada ya mtoto, na hatukuwa tayari kuigusa. Mama wa bibi harusi alipopata habari alishangaa: "Mnunue ya siku moja ya nini, nami ninazo?" Akatufungulia sanduku, akatuvika mwenyewe, ncha ikitoka mgongoni kupitia bega la kulia hadi mbele, kama Wagujarati wavaavyo. Pini tulihesabu 9 kwa kila mmoja.