Siku ya Kibarua Ina Saa Ngapi?

Kabla sijaingia kazi ya dukani nilikuwa nimelimia watu mashamba tangu utotoni. Kwetu Kibumba, kaskazini mwa Goma kwenye barabara ya Rutshuru, udongo chini ya volkano za Nyiragongo na Mikeno ni mweusi na una rutuba, ingawa maji ya kunywa ni taabu kuyapata. Kabichi, viazi, karoti na maharage hutoka pale kwa malori kwenda kulisha mji. Asiye na shamba la kutosha hulimia wenzake. Kazi hiyo ilikuwa na mpaka: mwenye shamba alipima eneo asubuhi kwa hatua zake, akasimika kijiti, nawe ukikifikia umemaliza. Mara nyingi saa saba mchana ilitukuta tumeshanawa mikono. Malipo yalikuwa haba, lakini hakuna aliyebishana siku ya kazi inaishia wapi. Miaka niliyokaa dukani niliimaliza nikikitafuta kile kijiti.

Nilihamia Goma mwaka 2014. Vita vya waasi wa M23 vya mara ya kwanza vilikuwa vimetupitia; jeshi la serikali liliirudisha Kibumba mikononi mwake mwishoni mwa Oktoba 2013, na tuliporudi nyumbani mbegu zilikuwa zimeliwa na mbuzi walikuwa wamechukuliwa. Mama akaniambia, "Mwanangu, shuka mjini kwa shangazi yako, angalau mdomo mmoja upungue hapa." Shangazi alikaa Majengo. Jirani yake alikuwa akifanya kibarua katika duka kubwa la kujihudumia lenye matawi kadhaa mjini, mali ya patroni mmoja. Sitalitaja kwa jina, maana wapo wenzangu ambao bado wanakula kwa jasho la pale.

Kuajiriwa kulikuwa hivi. Saa kumi na mbili asubuhi tulijipanga nje ya lango la depo, yaani ghala la duka, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine. Msimamizi alitoka na karatasi, akatutazama, akaanza kunyoosha kidole. "Wewe. Wewe. Mama wa kitenge cha bluu. Wengine mrudi kesho." Aliyechaguliwa aliacha kitambulisho chake, au kadi yake ya mpiga kura, mlangoni. Hakupewa chochote cha maandishi. Aliyeachwa alibaki na hesabu ya nauli, kwani waliotoka Kanyaruchinya au Munigi walikuwa wameshalipa pikipiki ya kuja na hawakuwa na ya kurudi.

Miezi ya mwanzo niliwekwa depo. Malori yalipofika tulipakua mchele, sukari, unga, mafuta ya kupikia, sabuni, maji ya chupa. Magunia ya kilo 50 yalibebwa na vijana, katoni zikawa zetu wanawake. Hapakuwa na glovu wala mkanda wa mgongo. Kijana aliyeteguka kiuno alipakizwa kwenye pikipiki kwa pesa tulizochanga sisi wenyewe, na asubuhi yake kidole cha msimamizi kikamchagua mwingine. Baadaye nikapandishwa dukani kupanga bidhaa kwenye rafu, na mwishowe, kwa sababu nilikuwa mwepesi wa hesabu na Kifaransa changu cha shule hakikuwa kibaya, nikawekwa kwenye kaunta ya malipo.

Watu hudhani kazi ya kaunta ni ya raha kwa sababu unavaa sare safi na unakaa chini ya taa. Kwanza, hukai. Tulisimama tangu kufungua, saa mbili asubuhi, hadi kufunga, saa mbili usiku. Kabla ya kufungua kulikuwa na kufagia na kupanga, na baada ya kufunga kulikuwa na kuhesabu pesa. Upungufu wowote ulikatwa kwenye malipo yetu, hata noti ya dola iliyokataliwa benki kwa sababu ya mkwaruzo. Goma yote inajua vita vya noti za dola: iliyochanika kidogo pembeni haipokewi. Mteja anayo, anakusukumia, foleni inanung'unika, msimamizi anakuambia umhudumie haraka, na jioni noti hiyo ni yako. Kisha upekuzi mlangoni: mkoba, viatu, mara nyingine kitenge ulichojifunga. Mlinzi aliyetupekua alikuwa kibarua kama sisi na aliona haya. Alituomba radhi kwa sauti ya chini, dada kwa dada. Namkumbuka kwa heshima.

Bei dukani ziliandikwa kwa dola. Sisi tulilipwa kwa faranga, kwa kiwango cha kubadilisha alichokipanga patroni mwenyewe. Mwaka 2018 serikali iliweka kima cha chini cha mshahara kuwa faranga 7,075 kwa siku. Wakati ule zilikuwa zaidi kidogo ya dola nne. Kiasi hicho kiliachwa vilevile mwaka hadi mwaka huku faranga ikishuka, na dola ilipovuka faranga 2,700 kima kilekile kilikuwa kimebaki karibu dola mbili na nusu. Mfuko wa unga haukushuka pamoja nacho. Nilikuwa nikipitisha kwenye mashine jibini na divai za mteja mmoja zenye thamani ya wiki zangu kadhaa za kusimama. Simlaumu mteja, alilipa alichoambiwa. Ninachosema ni kwamba duka lililoweza kufungua tawi jipya liliweza pia kutulipa saa tulizofanya.

Lililonifumbua macho lilitoka depo. Kijana mmoja aliyesoma sheria Chuo Kikuu cha Goma alikuwa akija kufanya kibarua wakati wa likizo. Siku moja alileta nakala za kurasa chache za Kanuni ya Kazi, ile sheria ya 16 Oktoba 2002, akatusomea wakati wa kula, polepole, akigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili chetu. Saa za kazi zisizidi tisa kwa siku wala 45 kwa wiki. Kinachozidi hapo ni saa za ziada: nyongeza ya asilimia 30 kwa saa sita za mwanzo katika wiki, asilimia 60 kwa zinazofuata, na asilimia 100 kwa saa za siku ya mapumziko. Mama mjamzito ana haki ya wiki 14 za likizo. Kulikuwa na mama mwenye mimba ya miezi saba ameketi juu ya katoni za sabuni. Akamwomba arudie mstari ule, naye akaurudia.

Kisha akafika kwenye kifungu kilichotugusa zaidi. Sheria inaruhusu mtu kuajiriwa siku kwa siku bila mkataba wa maandishi. Lakini akishafanya kazi siku 22 ndani ya miezi miwili, akiajiriwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, mkataba wake unahesabiwa kuwa wa kudumu. Tulitazamana. Kila mmoja wetu aliwahi kuambiwa, akiwa anakaribia idadi hiyo, "Mama, pumzika kidogo, tutakuita." Tulidhani ni kuchoshwa nasi, au ni zamu ya wengine, na tulikuwa tukiwapelekea wasimamizi kuku na viazi kutoka kijijini ili tusisahauliwe. Kumbe kuna mtu ofisini aliyekuwa akihesabu siku zetu kwa uangalifu kuliko sisi. Kwa nini Desemba tu, wakati wa pilikapilika za Noeli na Bonane, tulikusanywa wengi kwa mkupuo na kutawanywa baada ya sikukuu? Sasa ilieleweka.

Tangu siku ile nikaweka daftari: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, tawi, aliyenipa kazi, nilicholipwa. Wenzangu nao wakaanza. Daftari halikuongeza hata faranga moja kwa wakati ule, lakini lilituondolea ule unyonge wa kubishana kwa kumbukumbu.

Mei 22, 2021, Nyiragongo ulilipuka. Lava ilishuka kuelekea mjini na kukata barabara ileile ya kwenda kwetu. Siku chache baadaye amri ya kuhama ikatoka, watu wakajaa njia ya Sake na mpaka wa Rwanda. Duka lilifungwa. Waajiriwa wa kudumu, wachache waliokuwapo, walipewa avansi ya mshahara. Vibarua hatukuwa kwenye orodha yoyote. Ubaya wa kutoandikwa ndio huo: janga likija, hujawahi kuwapo pale.

Novemba 2022 M23 iliingia Kibumba. Mama yangu na wadogo zangu walitembea hadi Kanyaruchinya, wakalala chini ya turubai juu ya mawe ya lava. Nikawa nalisha watu wengi kwa malipo ya siku ambayo hayakuwa na uhakika wa kesho. Kisha kikaja kipindi ambapo pikipiki zilikatazwa kutembea mjini baada ya saa 12 jioni kwa sababu ya usalama. Duka liliendelea kufunga saa mbili usiku. Tulirudi kwa miguu gizani, wanawake kwa makundi, kila mmoja akisindikizwa hadi mlangoni kabla kundi halijaendelea. Tuliomba tuachiwe mapema, tukajibiwa kwamba wateja wenye magari huja jioni. Katika yote niliyoyapitia pale, jibu hilo ndilo gumu kwangu kulisamehe, kwa sababu waliolitoa walijua vizuri usiku wa Goma ulikuwaje.

Wachache wetu tukaenda Ukaguzi wa Kazi na madaftari yetu. Sheria inataka mgogoro wa mfanyakazi na mwajiri upitie kwanza kwa mkaguzi kwa ajili ya usuluhishi kabla ya kufika mahakamani. Duka lilileta mwanasheria, akasema hatukujulikana kwao. Tukafungua madaftari: tarehe zilizofanana kwa mikono tofauti, kalamu tofauti, na majina ya wasimamizi walewale. Mazungumzo yakabadilika. Tulilipwa sehemu ya saa za ziada tulizodai, tukatia saini, na hatukuitwa tena kazini. Baadhi ya waliobaki walipewa mikataba ya maandishi na kuandikishwa kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, CNSS. Nilifurahi kwa ajili yao, na ninafurahi hadi leo.

Januari 2025 M23 iliuteka mji wa Goma. Maghala yaliporwa, benki zikafungwa, pesa taslimu ikawa adimu. Mwaka huohuo serikali ya Kinshasa ilipandisha kima cha chini hadi faranga 14,500 kwa siku, lakini kibarua wa Goma aliyekuwa chini ya utawala mwingine angekidai kwa nani? Wakaguzi waliotusikiliza walikuwa watumishi wa serikali ile. Hata hivyo maduka yalifunguliwa tena, na malangoni foleni ya alfajiri ilirudi, sasa ikiwa ndefu zaidi, imejaa vijana wa Kibumba na Rutshuru waliopoteza mashamba.

Kwenu mnaosimama kwenye foleni hiyo: nunueni daftari leo, andikeni tarehe na saa zenu kila jioni, na mwenzenu mmoja aweke nakala. Kwenu wenye maduka: mpeni kila kibarua karatasi yenye jina lake, saa alizofanya na alicholipwa, na msimzuie hadi usiku kama hamna gari la kumrudisha nyumbani. Mna mashine zinazohesabu kila pipi inayotoka dukani; zinaweza kuhesabu na saa zetu.