Bustani Tatu na Barabara Moja

Ndugu zangu, wengi wetu tukipata likizo huku Marekani tunashinda ndani na kompyuta, halafu tunalalamikia upweke. Kiangazi kilichopita mimi na wenzangu wawili tulichanga hela ya mafuta tukazunguka bustani. Nawaambieni, ni shule tosha.

Columbus tulikwenda Franklin Park. Jumba lake la vioo, lenye mitende ndani, ni la mwaka 1895. Jumba lina kiingilio, lakini uwanja wa nje ni bure, na familia hutandika wakala, watoto wakikimbizana. Louisville tulivuka mto Ohio kwa miguu juu ya Big Four, daraja la zamani la reli ambalo sasa ni la watembea kwa miguu na baiskeli. Nilitazama vile vyuma mpaka wenzangu wakanichoka!

Ila bustani hizi zina mambo yake. Frederick Law Olmsted alianza kuzichora za Louisville mwaka 1891. Mwaka 1924 jiji likazitenga kwa rangi, Weusi wakaelekezwa Chickasaw Park. Ubaguzi huo uliondolewa 1955.

Hapa Buffalo ninakosoma, Olmsted huyohuyo alianza kazi 1868. Aliiunganisha Delaware Park na upande wa mashariki kwa Humboldt Parkway, njia pana yenye safu za miti. Miaka ya 1960 miti ikakatwa, likachimbwa handaki la wazi la magari katikati ya mtaa wa Weusi. Mwenye gari anafika uwanja wa ndege chapuchapu. Anayeishi kando yake amebaki na moshi na kelele.

Hapo ndipo ninapokosa raha, maana kuchora barabara ndiyo kazi ninayosomea. Kesho tukirudi nyumbani tutapewa ramani, na penye bustani ndipo pataonekana rahisi kupitisha barabara, kwani hakuna nyumba ya kulipia fidia. Mwaka 1989 Wangari Maathai alipinga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Alitukanwa sana, lakini jengo halikujengwa. Je, sisi wenye kalamu ya kuchora tutasema nini siku hiyo?

Ukifika Buffalo, pumzika kwanza Delaware Park, kisha twende wote Humboldt Parkway ukajionee. Chai iko kwangu.