Sita Yako, Nani Kaiona?

Ukitaja Magomeni, wengi wanafikiria Dar. Mimi naizungumzia ya Mtwara, nilikokaa miezi saba nikimuuguza mama, huku mume wangu kabaki Dar na kazi yake. Zaidi ya kilomita 500 kati yetu! Ili mapenzi yasipoe, kila usiku tulicheza ludo kwa simu. Kila mmoja na ubao wake: unarusha dadu, unataja namba, wote mnasogeza kete.

Raha tupu, mpaka sita zake zilipozidi. Usiku mmoja, zamu tatu mfululizo alianza na sita. Nikapiga hesabu: dadu ya haki hufanya hivyo mara 1 katika 216. Inawezekana, ila...

"Unanichakachua wewe," nikamtania.

"Kwani huniamini, mke wangu?" Sauti yake haikuwa ya utani.

Tangu hapo, akisema kachelewa kazini, najikuta naipima kauli yake kama ninavyozipima sita zake. Jamani, mchezo ulishaingia kwenye ndoa! Na niseme ukweli: wiki moja kabla, dadu yangu ilitoa mbili, nikamtajia tano, nikaila kete yake. Ukishaiba, kila mtu unamwona mwizi.

Kumbe tatizo hili wasomi walishaliumiza kichwa. Mwaka 1981 mtaalamu wa kompyuta Manuel Blum aliandika juu ya watalaka wawili, kila mmoja mji wake, wanaotaka kurusha sarafu kwa simu ili kuamua nani achukue gari. Hawaaminiani hata chembe! Jibu lake kwa ufupi: mmoja ajifunge kwanza kwa siri asiyoweza kuibadilisha, mwenzake abahatishe, ndipo siri ifunguliwe.

Video ya simu ingemaliza kazi, lakini bando langu lilikuwa la kuungaunga. Tukamwomba wifi yangu, asiyempendelea hata kaka yake. Kila zamu, mimi na mume wangu tunamtumia meseji, kila mmoja namba yake, 1 hadi 6. Zikifika zote mbili, ndipo anatutajia. Tunajumlisha, ikizidi 6, tunatoa 6. Mimi 5, yeye 4, jumla 9: basi dadu ni 3. Hujui mwenzako kachagua nini, sasa utachakachua vipi? Hata mmoja akiwa na hila, inatosha mwingine achague kwa kubahatisha kweli.

Polepole? Sana! Mchezo mmoja ulikula siku tatu. Lakini tukisubiri meseji za wifi, tulikuwa tunapiga stori. Usiku wa pili nikamwungamia ile tano. Kimya. Halafu akacheka: "Na mimi, ile sita ya tatu ilikuwa moja."

Tulicheka mpaka mama akaamka.

Mpenzi msomaji, zamani nilidhani kuweka utaratibu ni kumtangazia mwenzako kwamba humwamini. Siku hizi naona tofauti. Iwe ludo, iwe pesa ya kodi ya nyumba, utaratibu unaowabana wote wawili sawasawa unamwondolea mmoja kishawishi na mwingine wasiwasi. Leo tunakaa nyumba moja tena, na dadu tunairusha katikati ya meza. Akipata sita, naiona kwa macho yangu, na ninampigia makofi.