Mwenzi Wako Anafanya Kazi Gani?

Jumamosi iliyopita mbunge wetu wa bunge la jimbo, hapa Louisville, Kentucky, alinigongea mlango. Mwenyewe, kwa miguu, jasho linamtoka, hana msafara wala gari la matangazo. Akaniachia kikaratasi chenye picha ya familia na mbwa wao, akauliza barabara yetu ina shida gani. Nikampenda. Kosa langu ni kwamba usiku usingizi ulikataa, nikafungua tovuti ya ofisi ya Kentucky inayosajili fedha za uchaguzi, nikaandika jina lake.

Jamani, kila kitu kiko wazi. Aliyetoa zaidi ya dola 100 anaandikwa jina, anuani, kazi na mwajiri. Ambaye hajafikisha umri wa kupiga kura anatajwa na umri wake. (Kumbe kuna watoto wanaochangia siasa. Wa kwangu hata sadaka ya kanisani anataka chenji.) Halafu kuna kipengele kilichonifanya nitafute miwani: mume au mke wa mchangiaji anafanya kazi gani, na kwa nani.

Ndipo nikakutana na mama mmoja. Kazi: mama wa nyumbani. Mchango: dola 1,000. Kazi ya mume: lobisti, yaani yule anayelipwa na makampuni kuwasemesha wabunge. Nikashuka chini, mwingine. Chai haijapoa nimefika wanne.

Sasa, sheria ya Kentucky inamkataza lobisti kumchangia mbunge au mgombea ubunge wa jimbo hata senti moja. Ilitokana na aibu. Mwaka 1992 ilijulikana kwamba FBI walitega kamera kwenye chumba cha hoteli mjini Frankfort, wakawanasa wabunge wakipokea noti kwa ajili ya miswada ya mbio za farasi. Spika mwenyewe, Don Blandford, alifungwa. Mwaka 1993 wakaandika kanuni za maadili, na 2014 wakazikaza hadi lobisti haruhusiwi kumnunulia mbunge kikombe cha kahawa. Seneta mmoja wa jimbo akaenda mahakamani kupinga makatazo hayo, akashinda 2017, mahakama ya rufaa ikautengua ushindi wake 2019. Tena zawadi ya lobisti haiendi hata kwa mke wa mbunge au mtoto wake. Waliotunga walikuwa wanazijua nyumba za watu. Ila mke wa lobisti na pochi yake, huyo ni mwananchi.

Nyumbani Tanzania tulikuwa na takrima, ule ukarimu wa wagombea kwa wapiga kura. Mahakama Kuu ikaifuta 2006, ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010, na pilau likaendelea kuiva. Nani kanunua mchele? Shemeji. Shemeji wa nani? Ukifika hapo unaambiwa una roho mbaya. Mjomba wangu aliwahi kulipia fulana na kofia za mgombea mmoja, na mwaka uliofuata mkewe akapata zabuni ya kulisha semina za halmashauri. Sisi tulifanya ibada ya shukrani. Nilikula sana siku ile.

Na msiniambie hatujui kutunza kumbukumbu. Mama bado ana daftari la harusi ya dada: nani aliahidi elfu kumi akatoa tano, nani alichukua kadi ya singo na nani ya dabo, nani alileta mbuzi mwenye makengeza. Akifiwa mtu mtaani, linafunguliwa kwanza daftari ndipo inatolewa rambirambi. Ukoo mzima uko mle, na nani kaoa kwa nani.

Labda ninawaonea hawa akina mama. Mtu ana haki ya kumpenda mbunge wake bila kutumwa na mume; mimi na baba Neema tuna Simba na Yanga ndani ya chumba kimoja cha kulala. Lakini wanne? Kwa mbunge yuleyule? Na kinachonichoma si kwamba wamenificha. Wangenificha ningejua la kufanya, nimelelewa humo. Wameulizwa, wakajibu, kwa herufi kubwa, ikawekwa kwenye intaneti mpaka mimi na chai yangu saa saba usiku naisoma. Sina hata cha kufichua! Nilimwonyesha jirani yangu, mzee mstaafu aliyezaliwa hapahapa. Akatazama, akapandisha mabega, akasema hizo ni hela za mkewe. Akarudi kukata majani yake.

Nikampigia mama.

“Huyo mume ametoa ngapi?”

“Hakutoa, mama. Sheria inamkataza.”

“Na mke?”

“Elfu moja. Ya dola.”

Kimya. Nikadhani salio limeisha, kumbe anacheka, akacheka mpaka akapaliwa.

“Kadi ya singo hiyo,” akasema. “Wameingia wawili.”