Mbwa wa Santuri

Nyumbani kwetu Wete palikuwa na mashine ya santuri, babu aliyoinunua kwa fedha za karafuu. Bibi, ambaye ndiye aliyezichuma na kuzianika karafuu hizo, hakuulizwa. Tena kila sahani ilikuwa na picha ya mbwa anayesikiliza pembe ya mashine. "Mbwa ndani ya nyumba ya Muislamu!" alisema bibi, akamfunika kwa kipande cha karatasi.

Ukubwani ndipo nilipokijua kisa cha mbwa yule. Mchoraji Mwingereza, Francis Barraud, alimchora akisikiliza mashine ya aina nyingine. Mwaka 1899 Kampuni ya Gramophone ya London iliinunua picha kwa pauni 100, kwa sharti kwamba mashine ile ifutwe, ichorwe yao.

Mambo haya hayakuanzia London. Huko Marekani kampuni za reli zilikuwa zikiwalipa wachoraji ili picha zizitangaze njia zao. Kiasi cha mwaka 1855, kampuni ya Delaware, Lackawanna and Western ilimpa George Inness dola 75 achore bonde la Scranton. Inasimuliwa kuwa mkuu wa kampuni alitaka zionekane hata reli ambazo zilikuwa bado hazijajengwa. Inness akazichora. Lakini mbele kabisa aliweka visiki vya miti iliyokatwa, na kijana aliyejinyoosha majanini akilitazama treni. Uzeeni aliikuta picha hiyo katika duka la vikorokoro, Mexico City, akainunua mwenyewe. Leo iko katika jumba la sanaa la taifa, Washington.

Mwenye fedha huagiza alitakalo, lakini hajui atakachokipata nani. Kampuni ya mbwa ilimpeleka Siti binti Saad Bombay mwaka 1928 kurekodi, maana ilitaka kuuza sahani na mashine. Yetu ilikatika kamani, ikageuka meza ya kuwekea taa. Nyimbo hazikukatika. Bibi aliziimba kila msimu akigeuza karafuu juu ya jamvi.

Siku moja nilimwuliza kama alikwisha msamehe babu. Alinyamaza kidogo, akaendelea kugeuza.

"Karafuu zilikuwa zangu," alisema. "Basi na nyimbo hizi nimezilipia mimi."